Kupungua Uzito kwa Mwenye Kisukari: Kukonda kwa Heri na Kukonda kwa Shari

(Mada iliyotolewa na dawati la afya kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Mzenga)



Kwenye ratiba mada yetu imeandikwa "Kisukari na uzito wa mwili", na bila shaka baadhi yenu mlitarajia tuje na orodha ya vyakula vinavyokatazwa. Orodha hiyo wagonjwa wetu wanayo. Wengine wameibandika ukutani mpaka imepauka. Sisi tumekuja na swali ambalo wagonjwa wenyewe wanatuuliza tunapowatembelea: "Nimeambiwa nipungue, najitahidi, mbona sipungui? Na nikipungua, mbona watu wananitazama vibaya?"

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kisukari aina ya pili ndicho kinachowapata watu wazima wengi. Kongosho bado linatengeneza insulini, ila mwili hauiitikii vizuri, na baada ya miaka kongosho lenyewe huchoka. Mafuta yanayojikusanya tumboni, kwenye ini na kwenye kongosho ndiyo yanayozidisha tatizo, na kwa sababu hiyo daktari anatazama kiuno chako kuliko anavyotazama mashavu. Kipimo kinachotumika kwa watu wetu ni kwamba kiuno cha mwanaume kisifike sentimita 94, na cha mwanamke kisifike sentimita 80. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hiyo. Aidha, tuseme mapema kwamba si kila mwenye kisukari ni mnene. Wapo wembamba, tena si wachache. Mada hii inawahusu wale walioambiwa kliniki wapungue. Wembamba wasitoke hapa wakaanza kujinyima chakula.

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya upimaji uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walipima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini, na waliokutwa na sukari ya juu walikuwa kama 9 kati ya 100. Kati ya hao waliopimwa, 26 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Tafiti hizi mbili hazikupima watu wa rika moja wala kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama bei za dukani. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Upo utafiti mwingine mdogo ambao sisi tunaupenda zaidi, kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Watafiti waliwafuatilia vijana waliotoka vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na tena baada ya miezi 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na wanaofanya kazi za nguvu walikuwa wamepungua sana. Mwaka mmoja!

Sisi wa Mzenga hatukuhamia Dar es Salaam. Dar es Salaam ndiyo inayotufuata. Tangu zamani reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara inayotoka Mlandizi kwenda Maneromango inatupitia. Lakini siku hizi bodaboda inamchukua mtu mlangoni na kumshusha shambani, mahali ambapo mama yake alikuwa akienda na kurudi kwa miguu na mzigo kichwani. Sembe nyeupe ipo kila duka. Mafuta ya kula yanapimwa hata ya shilingi chache. Maandazi asubuhi, chapati jioni, soda kwa mgeni. Hatusemi haya kwa kulaumu maendeleo. Hakuna mtu hapa atakayerudi kubeba gunia la mihogo kichwani kwa sababu dawati la afya limesema.

Sasa tuje kwenye macho ya watu, maana hapo ndipo wagonjwa wetu wengi wanapokwama.

Kwetu Pwani mtu akinenepa tunasema amenawiri, amependeza. Mwali alipotoka ndani, watu walitazama amenawiri kiasi gani. Mwanaume akiota kitambi tunasema mambo yake yamemnyookea. Mke akipungua, anayesemwa kwanza ni mume, kwamba hamlishi au anamtesa. Juu ya hayo yakaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka zaidi ya ishirini, hadi dawa za bure zilipoanza kutolewa mwaka 2004 na kuenea, tulizika watu waliokuwa wamekonda. Macho yetu yalijifunza jambo na hayajalisahau. Mtu akipukutika, hatuulizi anakula nini. Tunanong'ona.

Mama mmoja wa huku, ana kisukari mwaka wa nne, alifanikiwa kupungua kilo 6 kwa miezi saba. Sukari ikashuka, magoti yakaacha kumuuma, akawa anapanda kilima cha kisimani bila kupumzika. Shemeji zake wakaja nyumbani kumuuliza mume wake kama wamekwenda kupima. Wenzake wa chama cha kuweka na kukopa wakaanza kusitasita kumdhamini mkopo, ati hawajui kama atamaliza mwaka. Alichofanya mama huyu kila mmoja wetu angekifanya: akaanza tena kula mpaka gauni likajaa. Kliniki waliandika kwenye kadi yake kwamba hafuati masharti. Sisi tunasema alifuata masharti, ila ya wengine.

Ugumu wenyewe ni kwamba wanaonong'ona hawana makosa yote. Kukonda kwa mwenye kisukari kweli kunaweza kuwa dalili mbaya. Sukari ikipanda sana mwili unashindwa kuitumia, unaitoa kwa mkojo, kisha unaanza kujila wenyewe: mafuta kwanza, na misuli pia. Mtu anakula sana na bado anapungua. Anasikia kiu isiyokatika, anakwenda haja ndogo usiku mara nne, macho yanaona ukungu, nguvu hana. Huko ndiko tunakokuita kukonda kwa shari. Kuna na jingine: mwenye kisukari yupo katika hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili au tatu zaidi ya asiye nacho. Akikonda huku anakohoa zaidi ya wiki mbili, au anatoka jasho usiku, apelekwe kupima makohozi, asipongezwe.

Kukonda kwa heri kuna sura nyingine. Kunakuja polepole, kilo moja au mbili kwa mwezi. Kiuno kinapungua kabla ya uso. Nguvu zinabaki au zinaongezeka, kiu haipo, usingizi haukatwi na mkojo. Na kubwa kuliko yote, sukari inaposhuka kwenye kipimo ndipo tunapojua. Ukiwatazama barabarani tu, watu hawa wawili unaweza usiwatofautishe. Kwa hiyo tunapinga kabisa desturi ya kupima uzito peke yake. Kilo bila sukari hazisemi kitu. Kadi inayoonyesha kwamba fulani amepungua kilo 5 inaweza kuwa habari njema, na inaweza kuwa habari ya mtu anayekwenda kulazwa.

Mkanganyiko wa pili unatokana na dawa. Mgonjwa anagundulika akiwa amekwisha kukonda kwa sababu ya sukari. Anaanza vidonge, sukari iliyokuwa ikipotea kwa mkojo inabaki mwilini, na kilo zinarudi. Anafurahi, jirani wanafurahi. Baada ya mwaka kilo zimepita pale zilipokuwa, na daktari yule yule anamwambia apungue. Hapo mtu anasema, "Dawa hizi zinanenepesha," anaziacha. Ukweli ni kwamba dawa nyingine zinaongeza uzito kidogo. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, waliotumia insulini waliongezeka kama kilo 4 kuliko wenzao waliotegemea zaidi mashauri ya chakula, na waliotumia glibenklamaidi karibu kilo 2, hiyo ikiwa ni kwa miaka kumi. Metformini haina tabia hiyo; wengine hata hupungua kidogo wakiitumia. Kilo 4 kwa miaka kumi si sababu ya kuacha dawa inayookoa macho, figo na miguu. Ni sababu ya kuuliza kliniki, "Je, dawa yangu ni ipi kati ya hizi?" Mgonjwa ana haki ya kujua jina la kidonge chake, wala si kusema tu "vile vyeupe".

Hapa tunaomba wajumbe mtege masikio, maana ni jambo la kufa na kupona. Mtu anayetumia glibenklamaidi au insulini, akiamua kupunguza chakula kwa nguvu bila kurudi kliniki kupunguziwa dawa, sukari yake inaweza kushuka mno. Anatetemeka, anatoka jasho jembamba, moyo unamwenda mbio, anasikia njaa kali, anaongea ovyo. Kuna waliodhaniwa wamelewa, na wapo waliodhaniwa wamepandisha mashetani wakaanza kuombewa. Kama kipimo kipo, chini ya 4 ni hatari. Kama hakipo, usisubiri. Mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji anywe, subiri dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbizeni kituo cha afya, iwe Mlandizi, Maneromango au Tumbi, popote palipo karibu. Na hata akizinduka apelekwe, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku. Hali kadhalika kwa jirani zetu Waislamu wakati wa Ramadhani, na kwa waamini wetu wanaofunga Kwaresima: anayetumia dawa hizi aende kliniki wiki kadhaa kabla ya mfungo, asiende baada ya kuanguka.

Tena angalieni mzunguko wenyewe. Sukari ikishuka, mtu anakunywa chai ya sukari, anakula chochote kilichopo, kingi, kwa sababu mwili umeogopa. Akifanya hivyo mara tatu kwa wiki uzito utapanda tu. Kwa nje anaonekana mlafi. Ndani ni dozi isiyolingana na chakula chake.

Hata bila dawa, mwili wenyewe hupigana. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 50 wanene wasio na kisukari waliopunguzwa uzito. Mwaka mzima baadaye, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na watu wale walisikia njaa kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo mnapomwambia mtu "ni kujizuia tu", mjue mnamwambia ashindane na tumbo linalompigia kelele mwaka mzima.

Je, inafaa kujitahidi? Inafaa. Huko Uskochi na kaskazini mwa Uingereza watu wapatao 300 wenye kisukari aina ya pili walifuatiliwa, wote wakiwa hawajapita miaka 6 tangu wagundulike na hawatumii insulini. Nusu yao walipewa lishe ya supu na vinywaji maalumu kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, dawa za sukari zikasimamishwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kati ya hao, 46 kwa kila 100 sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 kwa kila 100. Baada ya mwaka wa pili walibaki 36. Hatuwaletei habari hizi ili mtu ajifungie na uji wa maji. Wale walikuwa na muuguzi, vipimo na chakula cha bure. Tunazileta kwa sababu bado tunawasikia wanaosema kisukari hakibadiliki ufanye usifanye. Hata kupungua kilo 4 kwa mtu wa kilo 80 kunasaidia sukari na presha. Zipo pia sindano mpya za kupunguza uzito na sukari, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2025, lakini bei yake si ya mgonjwa wa zahanati.

Chakula tutakipitia haraka, kwani mmeshafundishwa. Wengi mmesikia kwamba mwenye kisukari ale dona badala ya sembe. Ni kweli dona lina makapi na ni bora. Ila tumekuta watu wanakula dona mlima mzima kwa sababu "halina sukari". Wanga ni wanga, uwe wa dona, mtama, muhogo au ndizi. Asali nayo ni sukari. Sahani igawanywe: nusu mboga za majani, robo ugali au wali au muhogo, robo maharage, kunde, samaki au yai. Tunajua ugumu. Muhogo unatoka shambani bure, samaki ananunuliwa, na mchicha wakati wa kiangazi unataka maji ambayo hayapo. Kisamvu na matembele ndiyo mkombozi wetu, mradi tui na mafuta vipimwe kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina nguvu ya vijiko vya chai saba hivi vya sukari. Wakinamama wengi wanapigwa na butwaa wakisikia hivyo, maana mafuta hayana utamu wa kuwashitua.

Sasa shughuli zetu wenyewe. Hebu tuhesabu: jumuiya, kipaimara, harusi, msiba, mavuno, semina kama hii. Kila mara pilau, viazi vya kukaanga, na soda kwa kila kiti. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vya chai tisa. Mgonjwa akikataa anaonekana anaringa au anamwogopa mwenyeji. Baadhi ya parokia wamependekeza meza maalumu ya wagonjwa wa kisukari. Sisi hatukubaliani nalo. Meza hiyo ni tangazo. Nani atakwenda kukaa pale akaonwe? Tunapendekeza mboga ziwe nyingi kwenye sufuria ya wote, maji yawekwe mezani kabla ya soda, na mpakuaji akubali mtu anaposema "inatosha". Hayo hayahitaji mfadhili.

Tunakuja kwa wafadhili wetu, na tutasema kwa heshima lakini bila kuzunguka. Mashine za kupimia sukari tumewahi kupokea, na tunashukuru. Tatizo ni kwamba kila mashine inakubali vijiti vya kampuni yake tu. Vijiti vikiisha, na madukani huku hakuna vya aina hiyo, mashine inakuwa pambo la kabati. Tunaomba mtusaidie vijiti, mwaka hadi mwaka, vya aina inayopatikana nchini, kabla ya mashine mpya. Havipendezi kwenye picha, tunajua.

Ombi la pili ni kuhusu viashiria. Kwenye fomu ya taarifa kuna kisanduku kinachouliza walengwa wamepungua kilo ngapi. Tunaomba kisanduku hicho kisisimame peke yake. Kwa tuliyoyaeleza, mradi unaweza kujaza kilo nyingi sana kutoka kwa watu ambao sukari yao haidhibitiwi, na taarifa ikasomeka vizuri wakati wagonjwa wanaharibikiwa. Ziandikwe kilo, kiuno na sukari ya asubuhi kabla ya kula, kwa pamoja, kwa mtu yule yule. Na asiyepungua kilo hata moja lakini sukari yake imeshuka na miguu yake haina kidonda, ahesabiwe kuwa amefanikiwa.

Kwa kamati za parokia tunaomba jambo moja. Chagueni watu wawili katika kila kigango, mwanamke na mwanaume, wasioweza kutoa siri, tuwafundishe kupima uzito, kiuno na sukari na kutambua dalili za sukari kushuka. Kazi yao nyingine itakuwa kuzungumza na familia, hasa waume na mashemeji, kwamba huyu anapungua kwa sababu ya matibabu na vipimo vyake tunavijua, yeye mwenyewe akiwa ameridhia jambo hilo lisemwe. Bila ridhaa yake wakae kimya. Yule mama tuliyemtaja alikubali mume wake aende naye kliniki mara moja. Baada ya hapo ni mume aliyewajibu ndugu zake. Kilo mbili kati ya zile sita zimeshatoka tena, na chama kimempa mkopo.

Mizani tumekuja nayo moja pamoja na futi tatu, na vijiti vya kutosha miezi mitatu kwa vigango vinne. Tunaomba kabla hatujaachana kamati ziamue mizani itakaa wapi na nani atashika ufunguo, kwa sababu iliyopita ilikwenda kupimia korosho.

Tupo tayari kwa maswali. Na kwa wale wanaotafuta soda kwa macho tangu saa nne: leo kuna maji na mapapai.